Mkia wa Jina

Kila faili lina mkia baada ya nukta.
Mimi, Maarika, ndiye niliyewekwa mlangoni kukagua mikia.

Ilianza Novemba. Ankara ilitoka Riga,
ankara ya karatasi za chooni, ina mikia miwili:
wa mbele wa hati, wa nyuma wa programu.
Kaido akabofya huku anatafuna tufaha.
Siku tatu mashine zote za ofisi yetu ya Tartu zikawa mawe,
na Urmas, asiyepandisha sauti hata timu yake ikifungwa,
akaja akasimama nyuma ya kiti changu, amevua miwani.
"Funga."

Nikafunga.
Mwenye mkia wa picha, pita. Wa hati, pita.
Wa maandishi matupu, pita, huna pa kuficha kisu.
Waliobaki wote, vifurushi, video, sauti,
majedwali yenye vijiprogramu tumboni,
warudi walikotoka.
Mgeni njoo mwenyeji apone: seva haijui methali hiyo.
Nikatunga na sentensi ya kuwarudisha,
dakika moja tu, kahawa mkononi:
*Aina hii ya faili hairuhusiwi.*
Sikuweka samahani. Sikuweka jaribu hivi.
Nani husoma mlango?

Februari, theluji imepanda hadi vizingiti vya madirisha,
tiketi namba 4417, kutoka Võru, mitambo ya maji.
Heldur Paas, zamu ya usiku:
"Pampu ya pili inalia. Si kilio chake. Nimeambatisha."
Hakuna alichoambatisha.

Kumbukumbu za seva hazina huruma wala chuki, zina saa tu.
02:14, sauti, imekataliwa.
02:16, sauti ileile, imekataliwa.
02:21, ameibana ndani ya kifurushi, imekataliwa.
02:22, kifurushi kilekile; labda kidole kiliteleza, labda hasira.
Halafu kimya cha dakika kumi na nane.
Nilikuja kumuuliza baadaye: alikwenda kuitazama pampu, akarudi.
02:40, picha. Imepokelewa.

Asubuhi Kaido akaibofya picha, haikufunguka.
"Imeharibika," akaandika, akaifunga tiketi,
akaenda jikoni.

Kilichonizuia ni uzito wake:
megabaiti tatu, na hakuna hata doa la rangi.
Nikauacha mkia, nikapapasa tumbo,
baiti nane za mwanzo,
pale faili linaposahau kudanganya.
Chui katika ngozi ya kondoo nimewazoea, ndio ujira wangu.
Huyu alikuwa kondoo
aliyeazima ngozi ya kondoo mwingine
ili aingie zizini.

Nikavaa vipokea sauti.
Krr. Krr-krr.
Kama mtu anayetafuna changarawe usingizini,
na chini yake pumzi, buti ndani ya maji,
kisha mwanamume, taratibu, kana kwamba nimeinama naye palepale:
"Hapo. Sikia. Hapo tena."

Beringi, mafundi walisema jioni. Walimleta mkononi mwao
kipande cheusi ndani ya kitambaa, nikakipiga picha,
picha ya kweli, nikaiambatisha.

Usiku huo nikaongeza mkia wa sauti kwenye orodha.
Kisha, koti tayari mwilini,
nikaziba tundu alilopitia Heldur:
tangu leo tunakagua tumbo.
Mtu mwaminifu ndiye aliyenionyesha njia ya mwizi,
na shukrani yangu kwake ilikuwa kuifunga.
Sentensi nayo nikairefusha:
*Aina hii ya faili hairuhusiwi. Tuandikie unachosikia,
unachoona. Yupo atakayesoma.*
Urmas anasema haienei kwenye simu.
Nimeiacha.

Wiki iliyofuata, 03:05, kutoka Võru,
faili la sauti, mkia wake halali, jina: pampu_ya_pili.
Hakuna tatizo lililoandikwa. Hakuna swali.
Dakika tatu za mashine isiyolia.
Halikuwa na kazi yoyote kwangu.
Nililisikiliza lote.